Gitaa Moja Lilipofunika Jingine: Tuliyojifunza Katika Shughuli za Wanawake



Wapenzi, leo hatuna mapishi wala mshono mpya wa dera. Leo tunazungumzia magitaa. Tunajua kuna watakaoshangaa: wanawake wa Chake Chake, mafundi wa charahani, wana habari gani na magitaa? Kaeni kitako tuwape kisa chetu. Mwanzo tulidhani ni kisa cha spika na nyaya. Mwisho kimetuonesha kosa tulilokuwa tukilifanya kila wiki dukani bila kuliona, tena sisi ambao tukiulizwa habari ya uadilifu tungejibu kwa haraka.

Wanaotujua wanajua kuwa sisi ni dada wawili wa tumbo moja. Tulimaliza sekondari, tukasoma kozi ya ushonaji, tukafungua duka na charahani mbili za miguu, moja yetu na moja ya kuazima. Tangu hapo kila kitu ni chetu sote, deni letu sote, faida yetu sote. Ndiyo maana hata akiandika mmoja anasema "sisi".

Kazi yetu ya mwanzo ilikuwa sare za skuli na sare za harusi. Baadaye wateja wakawa wanatuuliza: "Mbona msitupambie na jukwaa?" Tukapamba. Kisha tukaona tatizo ambalo kila mwanamke wa hapa kwetu analijua. Shughuli ni ya wanawake watupu, mabaibui yameshavuliwa, bibi harusi yuko wazi na hina zake, lakini fundi mitambo ni mwanamme. Basi anakalishwa nyuma ya pazia. Haoni jukwaa, hajui nani anaimba. Maiki ikipiga yowe, watu wanamkelelezea, "Kaka, punguza!" Waya ukichomoka lazima aingie, na hapo ukumbi mzima unakimbilia mitandio. Siku moja tulimuona bibi mzee anatafuta baibui lake chini ya viti huku analia kwa aibu. Tukasema, hapana, kazi hii tutajifunza wenyewe.

Msimu uliofuata wa karafuu, pesa zilipokuwa mikononi mwa watu na harusi zikawa nyingi, tulikusanya tulichopata tukanunua spika mbili za mkono wa pili na mikisa ndogo ya njia nane. Tukafundishwa kidogo, tukaharibu kidogo, tukajua. Leo tukiitwa, tunakuja na sare, mapambo, jukwaa na mitambo, na hakuna mwanamme anayekanyaga ukumbini.

Kabla hatujaendelea, tuliseme hili. Tunajua masheikh wamehitilafiana katika jambo la ala, na sisi si watu wa kutoa fat'wa. Wapo wateja wetu wasiotaka ila dufu na kasida, na hao tunawahudumia kwa moyo mmoja. Wapo wanaotaka taarabu. Sisi tuna masharti yetu: wanawake watupu, simu hazipigi picha, adhana ikilia kila kitu kimya, na shughuli inakwisha mapema watu wawahi sala na kulala. Ambaye bado moyo wake hautulii na ala, asome kisa hiki kwa ajili ya yaliyo nyuma ya ala.

Sasa magitaa. Taarabu ya zamani tuliyorithi ni udi, kanuni, fidla na nai. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianza mwaka 1905, hakukuwa na waya wa umeme jukwaani wakati huo. Lakini sisi Wapemba tunaitazama Tanga, iko hapo ng'ambo tu, na ni Tanga ambako miaka ya 1960 Black Star walilitia gitaa la umeme ndani ya taarabu, kina Bi Shakila wakiimba. Na mwanamke kushika gitaa si mambo ya juzi. Miaka hiyo hiyo ya 1960 Dar es Salaam kulikuwa na Women Jazz, bendi ya wanawake watupu, magitaa na saksafoni wakipiga wenyewe. Unguja leo kuna kundi la Tausi, wanawake wanaopiga ala zao bila kumsubiri mwanamme. Kwa hiyo kikundi chetu kidogo hakikuzua kitu. Kina mwimbaji, kina mpigaji kinanda ambaye mkono wake wa kushoto ndio besi yetu, kina mpiga tumba, na kina magitaa mawili.

Gitaa la kwanza ni la mpwa wetu, binti wa kaka yetu. Kaka yuko Muscat, na alimletea mwanawe gitaa jipya, zito, jekundu, linang'aa kama kucha zilizotiwa rangi. Gitaa la pili ni la msichana tunayemfundisha kushona. Yeye anatoka upande wa Konde, baba yake amefariki, anaishi na mama yake na wadogo zake. Gitaa lake ni la babu yake mzaa mama, aliyekuwa akipiga Tanga ujanani. Limechubuka, na kifundo kimoja cha kukazia nyuzi kimefungwa na uzi wetu wa jinzi.

Magitaa haya hayafanani hata kidogo. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kitu kinaitwa pikapu, na hatusemi ile gari ya kwenda Konde. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya ukawa sauti. Gitaa la babu lina pikapu za mzunguko mmoja. Sauti yake ni nyembamba, safi, ina makali kama kengele, lakini inanasa na umeme wa nyumbani: ukikaa karibu na taa za mapambo unasikia mvumo kama nyuki kwenye mzinga. Gitaa la mpwa wetu lina pikapu za mizunguko miwili iliyopangwa kinyume, ili mvumo wa huu uuwe mvumo wa ule. Kampuni ya Gibson ya Marekani ndiyo iliyoleta aina hiyo miaka ya 1950. Sauti yake ni nene, tamu, na ina nguvu zaidi kabla hujagusa chochote.

Haya tumeyajua baadaye. Siku ya shughuli ya Wete hatukuyajua. Tulilojua ni kuwa gitaa moja zuri na jingine linavuma.

Ukumbi wa Wete ulijaa. Tulipojaribu mitambo mchana, ukumbi mtupu, gitaa la msichana wetu lilikuwa linavuma, tukaona aibu mbele ya wenye shughuli, tukalipunguza kwenye mikisa. Jioni watu wakaingia, muziki ukaanza. Mpwa wetu akapiga kwa nguvu, maana mtoto ana gitaa jipya na shangazi zake wako kwenye mitambo. Msichana wetu hajisikii. Akageuka akaongeza amplifaya yake. Mpwa akaona amefunikwa, naye akaongeza. Mpiga kinanda akaongeza. Mwimbaji akatufanyia ishara ya mkono: sauti yangu iko wapi? Tukaiongeza maiki. Maiki ikaanza kuzinasa spika, spika zikapiga yowe, na bibi yake bibi harusi, aliyekaa mbele kwa heshima, akajiziba masikio kwa ncha za kanga.

Yule bibi alitwambia wakati wa mapumziko, "Wanangu, mafahali wawili hawakai zizi moja. Mmoja mtoeni."

Hatukumtoa mtu jukwaani. Tulifanya kibaya zaidi. Tulirudi kwenye mikisa, tukakishusha kitufe cha msichana wetu mpaka karibu na chini, kimyakimya, na kelele zikapungua. Watu wakafurahi. Wimbo wa tatu ulikuwa wake yeye kuuanza. Alikuwa ameufanyia mazoezi wiki mbili, kila siku baada ya kufunga duka. Akaupiga. Tulimuona vidole vinakwenda. Ukumbini hakusikika. Watu wakaanza kuzungumza wakidhani muziki umesimama, mpaka mwimbaji akaamua kuingia tu mwenyewe. Yule msichana aliendelea kupiga mpaka mwisho wa shughuli, anatabasamu, na hakuna aliyekuwa akimsikia isipokuwa yeye na Mola wake.

Kesho yake hakuja kazini. Keshokutwa hakuja. Siku ya tatu akaja mtoto mdogo na mfuko wa plastiki. Ndani mna futi ya kupimia tuliyompa siku ya kwanza, na mkasi, umefutwa mafuta vizuri. Hakuna maneno.

Tuseme ukweli, siku ile tulikasirika. Tulisema, huyu hana shukurani, tumemfundisha kazi bure. Tulisema gitaa lake bovu, sisi tufanye nini? Tuliyasema hayo kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na kadiri tulivyoyasema ndivyo kila mmoja wetu alivyokuwa akikwepa kumtazama mwenzake. Baada ya sala ya alasiri tukafunga duka, tukapanda gari ya Konde.

Tulipiga hodi, mama yake akatukaribisha. Tukaamkiana, masalkheri, za nyumbani, watoto, mvua. Tukaletewa chai na mihogo. Kisha mama akasema kwa upole, bila kupandisha sauti, "Mwanangu hakunishtakia kitu. Lakini alinambia neno moja. Alisema, mama, walikuwa wananiona."

Tukanyamaza. Maana ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tunamuona.

Tukamuomba msamaha, mbele ya mama yake, sisi wakubwa kwa mdogo. Hatukutaja mvumo wala gitaa. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anachambua mchele. Akasema, "Nimesamehe, dada." Kisha akauliza swali ambalo hatutalisahau: "Dada, mkishona, uzi wa juu ukiwa umekaza mno, unauvuta wa chini mpaka unatokeza juu ya kitambaa. Hapo mnafanya nini? Mnakaza na wa chini?"

Tukamjibu, "Hapana. Tunalegeza wa juu."

Akasema, "Basi." Akaendelea na mchele wake.

Kila anayeshona anajua. Mshono mzuri ni nyuzi mbili zinazokutana katikati ya kitambaa, hakuna inayomvuta mwenziwe. Ukikaza zote mbili, kitambaa kinakunjana na uzi unakatika. Miaka yote hiyo tunalifanya kwa mkono bila kufikiri, na kwenye mikisa tulifanya kinyume chake: kila mmoja aongeze, na aliye mnyonge anyamazishwe.

Jioni ile ile mama yake akampigia simu babu, Tanga. Mzee akacheka sana kusikia wanawake wa Pemba wanauliza habari za amplifaya. Alituelekeza kwa zaidi ya nusu saa, na siku zilizofuata tukajaribu dukani, kila siku baada ya alasiri, mlango umefungwa nusu. Tunakupeni tuliyoyapata, huenda binti yako au kikundi cha mtaani kwenu kikafaidika.

Jambo la kwanza: magitaa mawili hayafai kupiga mahali pamoja. Mzee alisema bendi za dansi zilikuwa na magitaa matatu na manne na hakuna aliyemfunika mwenzake, kwa sababu kila gitaa lina ngazi yake. Solo iko juu, inapamba. Ridhimu iko chini, inatembea na wimbo. Wakongo wakaongeza na la katikati, wakaliita mi-solo. Besi iko peke yake huko chini kabisa. Wetu wote wawili walikuwa wanapiga kodi zile zile, mahali pale pale pa shingo ya gitaa. Ni kama watu wawili kusema maneno mamoja kwa pamoja: hasikiki yeyote vizuri. Tukawatenganisha. Mmoja akipiga kodi chini, mwenzake anapanda juu na kupiga nyuzi mbili au moja tu. Mwimbaji akiingia, wote wawili wanapunguza mikono. Mmoja akisema, mwengine anasubiri, kisha anajibu. Hili peke yake lilimaliza nusu ya ugomvi, na hatukugusa kitufe hata kimoja.

La pili: punguza kabla ya kuongeza. Kwenye mikisa kila njia ina vitufe vya sauti za chini, za kati na za juu. Tulipunguza sauti za chini kwenye magitaa yote mawili, kwa sababu huko chini ni kwa kinanda na tumba, na gitaa nene likiingia huko linatia matope. Kisha gitaa jekundu tukaliachia unene wake wa katikati na kulipunguza kidogo juu. Gitaa la babu tukaliachia ule ukengele wake wa juu na kulipunguza kidogo katikati. Ukilisikiliza moja peke yake unaliona limepungua. Ukiyasikiliza pamoja, kila moja limekaa pahala pake. Ni kama kipande cha nguo kabla hakijaunganishwa. Usikihukumu mpaka uone gauni zima.

La tatu: punguza ukali wa amplifaya, ule unaoifanya sauti ichanikechanike. Sauti iliyochanika inatapakaa kila mahali na kuwalia wenzake nafasi. Mpwa wetu hakulipenda hili. Alisema gitaa lake limekuwa "limetulia mno". Tukamwambia avumilie siku tatu. Siku ya nne akasema anaanza kusikia kosa lake mwenyewe pale vidole vinapochelewa.

La nne: inua amplifaya. Amplifaya ikiwa chini sakafuni, sauti kali zinakwenda moja kwa moja mbele, zinampita mpigaji miguuni. Yeye hazisikii, anaongeza, na wanaopigwa masikio ni waliokaa mbele, kama yule bibi wa Wete. Sasa tunaziweka juu ya viti, zinamuelekea mpigaji mwenyewe sikioni. Na tumezivuka: ya huyu tunaielekeza kidogo kwa yule, ili wasikilizane. Mtu akimsikia mwenziwe hapigani naye.

La tano: mvumo. Umeme wetu wa Pemba unakuja chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha. Basi tukawa tunataniana kuwa gitaa la Tanga linaujua umeme wa kwao. Dawa yake tuliipata kwa kujaribu. Taa za mapambo na mabomba ya taa tunayaweka mbali na upande wake. Waya wa gitaa tunautenganisha na waya wa umeme. Na yeye mwenyewe akigeuka kidogo, robo ya mzunguko tu, kuna pahala mvumo unashuka sana. Tunaweka alama ya chaki sakafuni, ile ile chaki yetu ya kuchorea vitambaa. Hiyo ndiyo sababu yote ya kumnyamazisha mtoto wa watu: hatua moja na alama ya chaki.

La sita: ukumbi mtupu unadanganya. Sisi watu wa nguo tulipaswa kulijua mapema. Miili na vitambaa vinameza sauti, hasa zile za juu. Ukumbi mtupu una kuta na saruji, kila kitu kinarudi kwa ukali. Wakiingia wanawake mia mbili na mahameli yao, mabaibui yao na vitenge vya kukunja, sauti kali inapungua. Ndiyo maana gitaa la babu, lenye sauti ya juu, ndilo lililopotea zaidi siku ile: tulilipunguza ukumbi ukiwa mtupu, kisha watu wakalimeza lililobaki. Sasa mmoja wetu anabaki kwenye mikisa, mwengine anatembea mpaka viti vya nyuma baada ya watu kukaa, anasikiliza huko, anarudi.

Na la saba ni la kuogopesha kidogo. Kuifanya sauti isikike mara mbili ya ilivyokuwa kunahitaji kama mara kumi ya nguvu ya umeme. Kwa hiyo wanaoshindana kuongeza hawafiki kokote. Spika zinaungua, masikio yanachoka, na watoto wachanga wanaoletwa shughulini ndio wanaoumia. Tunaanza na mwimbaji kwanza, maneno yake yasikike mpaka nyuma, kisha ala zote zinakuja chini yake.

Wiki tano baadaye tulikuwa na shughuli hapa Chake. Hatutawaambia mambo yalikwenda kama asali. Wimbo wa pili uzi wa gitaa jekundu ulikatika kwa kishindo, mpwa wetu akaduwaa. Zamani hapo muziki ungesimama. Msichana wetu alimtazama tu, akashuka chini ya shingo ya gitaa lake, akashika ridhimu yeye, mwimbaji akaendelea. Mpwa akabadilisha uzi, akarudi. Aliporudi hakuongeza sauti. Akasubiri mwenziwe amalize sentensi yake, ndipo akajibu.

Wimbo wa kuanzwa na msichana wetu ulipofika, sote wawili tulikuwa tumesimama kwenye mikisa, mikono nyuma, tukiogopa hata kugusa. Akaanza. Sauti ile nyembamba ikatoka mpaka viti vya nyuma, juu ya mazungumzo ya watu, na mazungumzo yakakatika. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Konde, amekaa pembeni. Hakupiga makofi. Alijifunika uso kwa mtandio.

Usiku ule tukihesabu pesa ndipo tulipoliona lile jengine. Kwa kila shughuli tulikuwa tunampa mpwa wetu shilingi 30,000, na msichana wetu 15,000. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Tulisema yule ana gitaa zuri, yule ni wa nyumbani, huyu bado anajifunza kwetu. Tulikaa na lile daftari mbele yetu. Tukakumbuka kisa cha Nuuman bin Bashir, Allah amridhie, baba yake alipomhusu kwa zawadi na akaenda kwa Mtume (s.a.w.) awe shahidi wake, naye akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano huo. Alipojibu hapana, Mtume alikataa kuishuhudia. Kisa hiki tumekisoma tangu chuoni. Tulidhani kinawahusu wenye watoto wengi na mashamba ya kugawa. Hatukudhani kinaweza kukaa kwenye daftari la duka la kushona.

Tukakokotoa shughuli zote alizopiga. Tukamlipa tofauti yake kwa vipande vitatu, maana kwa mara moja tusingeweza. Kila mmoja sasa anapata sawa. Mpwa wetu alinuna siku mbili, na kaka yetu alipiga simu kutoka Muscat kuuliza kulikoni. Tukamueleza yote, na la Wete pia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mumpe mwanangu salamu. Mwambieni amsaidie mwenziwe kutengeneza kile kifundo cha gitaa." Kifundo kilitengenezwa wiki iliyofuata, walikitengeneza wao wenyewe wawili, juu ya meza yetu ya kukatia.

Wapenzi, si kila mmoja wenu ana mikisa. Lakini karibu kila mmoja wetu ana pahala ambapo mkono wake uko juu ya kitufe: mama kwa watoto wake, mwenye duka kwa wafanyakazi wake, mke mkubwa, mkwe, mwalimu wa chuo. Na kuna mtu pale anayepiga kwa juhudi zake zote huku anatabasamu, na sisi tumeshamshusha, tena tunamuona. Kabla ya kulala leo muulize nafsi yako ni nani huyo. Ukimjua, usimwambie apige kwa nguvu zaidi. Legeza uzi wa juu.

Futi ya kupimia imerudi shingoni mwa mwenyewe. Hivi tunavyoandika yuko charahani ya pili anatia zipu, na kila akikosea anaimba kwa pua wimbo ule ule.